Nundu Kwenye Mchoro

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepima pea kadhaa za spika kabla kinu cha posho cha jirani hakijaanza. Asubuhi tu ndiyo uwanja wa karakana unatulia. Spika juu ya pipa, maikrofoni kwenye stendi mbele yake, laptop juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kilonzo, fundi wetu wa mbao, alikuwa anapiga randa. Nikamwomba aache kidogo. Akakaa juu ya rundo la mbao akanitazama kama mtu anayengoja daktari.

Zote zina kitu kimoja. Mstari wa mchoro kwenye laptop unatoka chini vizuri, halafu karibu na hezi elfu tatu unapanda. Nundu. Desibeli sita hivi. Kisha unashuka na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Nilidhani ni ukuta unarudisha sauti. Nikasogeza pipa katikati ya uwanja. Nundu ipo. Nikabadilisha maikrofoni. Ipo.

Ni kapasita. Zilizoletwa si zile nilizoandika kwenye oda. Hizi ni kubwa zaidi, kwa hiyo twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, inaingia mapema, kabla spika kubwa haijanyamaza. Zote mbili zinasema mahali pamoja, kwa nguvu.

Migongo ya boksi imeshatiwa gundi na kupigwa skrubu. Stoo imejaa hadi mlangoni.

Sijamwambia Bosi. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwezi.

Nyumbani redio inaongea, Mama amekaa mkekani. Nimekula. Sina la ziada.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemwambia. Nilichapisha mchoro kwanza ili nisiutegemee ulimi wangu. Bosi, Mzee Mwanzia, aliishika karatasi kwa mbali kwa sababu miwani ilikuwa imebaki garini.

"Hii ni spika ama ni jabali la Nzambani?"

Nikaeleza. Kapasita, twita, elfu tatu. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima niliandike, hakunikatiza. Halafu akasema watu wa Zombe na Kanyangi, ambako zitauzwa, hawanunui karatasi.

"Umeisikia hii, ama umeiona tu? Rukia, wewe unasikia na macho?"

Kilonzo alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali ni la haki. Niliona kwanza. Baada ya kuona, nikasikia. Sijui ningesikia kama nisingeona.

Uamuzi wake: nichukue pea moja nyumbani, nikae nayo kama mtu aliyeinunua. Nikisikia ubaya hapo nyumbani, tutazungumza. Nisiposikia, natia sahihi. Sahihi ndiyo tatizo. Bosi alitaka kila boksi iwe na kibandiko nyuma, "Imepimwa na", halafu jina la mtu. Anasema spika za kutoka nje hazina mtu. Zetu zitakuwa na mtu. Mtu huyo ni mimi. Nilipoambiwa mwezi wa sita nilifurahi. Nadhani nilifurahi.

Nikisema mbovu, kila boksi ifunguliwe, na mimi ndiye mpimaji mgeni aliyemharibia mzee mradi wake wa kwanza. Nikisema nzuri na si nzuri, jina langu liko nyumbani kwa watu nisiowajua. Naogopa yote mawili sawasawa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimezileta kwa boda. Dereva alizifunga kwa mpira akaniuliza kama ni za disko matanga, muziki wa usiku wa msiba. Nikasema ni za kupimwa. Hakuniuliza tena.

Sebule yetu haina kitu. Tangu Baba afariki mwezi wa tano, makochi yako kwa jirani, mapazia mazito yameondolewa, zulia limekunjwa chumbani. Watu walikaa chini siku za matanga, na baada ya hapo Mama hakutaka virudi mpaka atoke eda. Sakafu ya simenti, kuta, mabati. Ukipiga chafya chafya inarudi.

Na hakuna muziki. Mama hataki muziki ndani ya eda. Kwa hiyo sina ngoma wala gitaa la kujaribia. Nina taarifa ya habari, matangazo ya vifo na kisomo cha asubuhi. Sauti za watu tu.

Nimeweka spika zetu upande mmoja na zile kuukuu za Baba upande mwingine. Nikabadilisha waya huku na huku. Nikamuuliza Mama zipi nzuri, bila kumweleza chochote.

"Hizi mpya. Ziko wazi."

Kwa hiyo nundu haisikiki nyumbani. Nililala mapema.

Alhamisi, 4 Septemba

Mjinga mimi. Spika zetu zinapaza kuliko za Baba kwa umeme uleule. Kitu kinachopaza kidogo kila mtu husema ni kizuri zaidi. Nilifundishwa hivyo mwaka wa kwanza chuoni, niliandika kwenye mtihani, nikapata alama zote. Halafu jana nimesahau kwa sababu nilitaka kusahau.

Leo nimesawazisha kwa maikrofoni. Nikamuuliza Mama tena. Akasema zinafanana. Akaniuliza kama Mwanzia ananilipa kwa kumsumbua mjane.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimetundika leso mbili za kujifunga kwenye kamba katikati ya sebule, spika nyuma yake. Ni nyepesi, sauti inapita. Mama akakaa upande wa spika na kazi yake ikawa kubadilisha waya bila kuniambia. Mimi upande huu, macho ukutani.

Alifurahia. Sikutarajia. Mara mbili alijifanya amebadilisha kumbe hajabadilisha, nikasikia anajizuia kucheka.

"Sema basi, mwanachuo. Hii ni A ama ni B?"

Sauti za wanaume: nabahatisha. Shehe anayesoma asubuhi: nabahatisha. Yule mwanamke wa taarifa ya saa saba: nilipata mara nyingi. Si zote. Kwake kuna kitu kinachonikwaruza hapa, mbele ya sikio. Lakini ni kidogo, na mimi nimeuona mchoro, na nyumba hii inarudisha kila kitu. Inawezekana ninasikia mabati.

Jirani aliingia kuazima chungio, akaona leso, akaona Mama yuko nyuma ya leso. Akatoka bila kuuliza. Kesho mtaa mzima utajua tumerukwa na akili.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeacha kuuliza. Nimeacha spika zetu zikiwa zimeunganishwa na redio tangu jana, na nimekaa tu na Mama. Yeye hatoki, kwa hiyo redio huwaka tangu alfajiri. Anasema nyumba ikinyamaza inakuwa kubwa mno.

Nilikuwa nakunja nguo nilipouona mkono wake. Yule mwanamke wa taarifa alianza, Mama akapunguza sauti. Hakunitazama. Baadaye mwanamume akaingia na michezo, Mama akaongeza. Saa kumi, mwanamke tena. Mkono tena.

Nikamuuliza kwa nini anapunguza.

"Nani kapunguza?"

Hajui kama anafanya. Mama hajawahi kuuona ule mchoro. Hajui nundu ni nini. Hana sababu ya kusikia anachoogopa, kama niliyo nayo mimi.

Usiku nikarudisha za Baba bila kusema.

Jumanne, 9 Septemba

Nilikuja nyumbani saa ya chakula kwa ajili hiyo tu. Mwanamke yuleyule, spika za Baba. Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono haukwenda popote.

Ningepaswa kufurahi, nimepata jibu. Nimerudi kazini bila kula.

Jumatano, 10 Septemba

Nilimwambia Bosi ninafikiri inasikika.

"Unafikiri ama unajua?"

Nikamweleza juu ya mkono wa Mama. Niliona uso wake unajaribu kuwa na heshima. Alimjua Baba, walikuwa wakinywa chai pamoja sokoni. Akasema polepole kwamba mama aliyefiwa anaweza kuchoshwa na sauti yoyote. Kwamba mimi pia nimefiwa. Kwamba masikio ya mtu aliyefiwa si ya kawaida.

Hilo lilinipata. Inaweza kuwa kweli. Sijalia tangu tumzike. Watu wanasema nimejaliwa subira. Si subira. Ni kama mahali fulani ndani yangu wamekata waya. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuhukumu sauti?

Bosi akasema Jumapili atapita nyumbani kumpa Mama pole ya kutoka eda. Atasikiliza mwenyewe. Ni haki. Nimekubali.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama ametoka eda leo.

Shangazi Amina, dada wa Baba, alifika jana jioni kutoka Kambu na mizigo kama anahama. Asubuhi walimwogesha Mama, akavaa dera jipya la samawati, wanawake wakasoma, wakaomba dua, tukala pilau. Mama alisimama mlangoni akaitazama barabara. Alisimama tu.

Baada ya wageni kuondoka Shangazi alishika kiuno katikati ya sebule.

"Wifi, hii ni nyumba au godauni? Ndugu yangu alioa mtu, hakuoa stoo."

Mpaka jioni makochi yamerudi. Zulia. Mapazia mazito yenye mikunjo. Na vitambaa. Shangazi hufuma wakati wa kungoja wateja hotelini kwake kando ya barabara kuu, anasema malori hayamzuii. Kila mgongo wa kochi una kitambaa. Meza, televisheni, jagi la maji. Na kila spika, kitambaa kizito cha nyuzi za pamba kimepigwa wanga, kimekunjwa mara mbili juu, kimeteremka mbele kama gauni.

Nilisema spika haifunikwi. Akanitazama kwa huruma.

"Rukia, mwanangu, hata wewe ukienda kwa watu unavaa."

Mama alikaa kwenye kochi lake. Ndiyo mara ya kwanza tangu Mei. Nilimwangalia nikangoja kuhisi kitu.

Jumapili, 14 Septemba

Bosi alikuja saa saba kasoro na sukari na majani ya chai. Akakaa pale alipokuwa akikaa Baba. Hakujua. Hakuna aliyemwambia.

Nilikuwa nimeshaunganisha tena spika zetu, na vitambaa vyake. Taarifa ikaanza. Yule mwanamke. Bosi alifumba macho, akainamisha kichwa, alisikiliza kweli. Nami nilisikiliza. Nilisikiliza mpaka taya likauma.

Hakuna kitu.

Sauti ilikuwa laini. Haikukwaruza. Nilimtazama Mama mkono. Ulikuwa na kikombe.

"Hii sauti iko sawa kabisa," Bosi akasema. "Mama Rukia, unaonaje?"

"Iko sawa," Mama akasema.

Shangazi akaongeza kwamba kwake Kambu hata redio ikipasuka hakuna atakayejua, kwa malori yale. Bosi akacheka, akamwambia kuna duka hapo Kambu litapokea mzigo wa pili, aje achukue pea. Wakazungumza bei ya mbuzi.

Mlangoni akaniambia taratibu, kwa wema, niache kusikia na macho.

Sijui nilichosikia wiki iliyopita. Labda ni kweli. Labda nilikuwa mgonjwa wa kitu kisicho na jina, na sasa nyumba imevikwa na mimi nimepona.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetia sahihi. Mzigo wa kwanza. Kibandiko, jina, kibandiko, jina. Pikapu imeondoka kwenda Zombe baada ya adhuhuri. Kilonzo alinipongeza, akaniambia sasa nimekuwa mtu wa kampuni. Bosi alininunulia soda.

Nimeandika jina bila kusita. Hilo linanitia wasiwasi zaidi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimerudi kutoka kazini jioni nikakuta vitambaa vyote kwenye kamba ya nguo. Shangazi ameondoka leo asubuhi na Mama amefua, vumbi la mwezi huu halina huruma. Redio inawaka. Spika ziko uchi.

Taarifa ya saa moja. Mwanamke. Mkono wa Mama ukaenda.

Nilisimama mlangoni na viatu mikononi.

Sikungoja vikauke vyote. Nilichukua kimoja kilichokauka, nikaleta maikrofoni na laptop, nikapima palepale sebuleni, spika wazi, kisha spika imefunikwa. Kwa kitambaa kilichokunjwa nundu inashuka karibu nusu. Kuna zulia sasa, kuna mapazia, kuna makochi. Vitu vyote hivyo vinakula ukali. Jumapili hatukusikiliza spika. Tulisikiliza ufumaji wa Shangazi.

Kwa hiyo inasikika nyumbani, na haisikiki nyumbani. Inategemea nyumba imevaa nini.

Nyumba ngapi za Zombe zina makochi? Ngapi zina simenti na mabati tu? Sijui. Nimeweka jina langu katika zote.

Mama aliuliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema machache. Kitambaa. Nusu ya nundu. Tufungue boksi zilizobaki, tubadilishe kapasita.

Bosi akacheka, si kwa ubaya. Akasema basi dawa imepatikana. Wapo wanawake wa chama cha mke wake wanaofuma. Kila pea itatoka na kitambaa chake bure. Wateja watafurahi zaidi.

"Umeniokoa, kumbe."

Kilonzo akasema hata yeye angenunua pea kwa ajili ya kitambaa.

Nikasema mtu akikifua je? Mtu akikipenda akakitandika kwenye meza je? Nikasema siwezi kutia sahihi kitambaa. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo. Ilikuwa ya kawaida, kama ninamwambia mteja bei.

Bosi aliacha kucheka. Akaniuliza kama najua kufungua boksi hizi ni kazi ya kiasi gani. Nikasema najua. Akaniuliza kama najua majaribio yangu yanaisha lini. Nikasema najua.

Akatoka. Mlango wake haujui kufungwa polepole, kwa hiyo sijui kama ulikuwa ni hasira.

Ijumaa, 19 Septemba

Hakuna aliyenisemesha ila Kilonzo.

"Wee dada, kwani hii boksi ilikukosea nini? Mimi ndio nimeichonga na sijalia."

Hatanii tena sana. Boksi zikifunguliwa ni patasi yake, ni mgongo wake. Zikikataliwa ni mbao zake zitaitwa mbovu, hata kama kosa ni kapasita. Nilimwambia mbao zake ni nzuri. Akasema anajua mbao zake ni nzuri.

Jioni nilimwona Bosi anapakia pea moja kwenye gari lake. Hakusema anakoipeleka.

Nimeandika upya barua yangu ya kuomba kazi, ile ya mwaka jana. Nimebadilisha tarehe tu. Nimeiweka.

Jumapili, 21 Septemba

Niko nyumbani. Mama amekwenda sokoni mwenyewe, mara ya kwanza. Nimekaa sebuleni na redio imezimwa. Anasema kweli. Nyumba inakuwa kubwa.

Nilijaribu kufikiria Baba angesema nini. Angesema nimwombe radhi Mwanzia. Alikuwa mtu wa kuomba radhi, Baba. Nilingoja nione kama nitalia. Nikaosha vyombo.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilifika nikakuta Kilonzo amelaza boksi kifudifudi juu ya meza, anatia patasi kwenye ufa wa mgongo. Nyingine zimepangwa nyuma yake, mstari mpaka stoo. Hakunisalimu. Kisha akanisalimu.

Bosi alitoka ofisini akasimama karibu na mimi, tukawa tunaangalia patasi badala ya kuangaliana.

"Niliweka kwangu Ijumaa, kwa televisheni. Ile chumba ya watoto, haina kitu. Sikumwambia mama watoto chochote."

Nikangoja.

"Jumamosi jioni amenirudishia remoti akaniambia ama hiyo kitu ama yeye."

Hakusema nilikuwa sahihi. Hakusema samahani. Aliniambia niandike oda ya kapasita tena, na safari hii niende dukani mwenyewe nizisome kabla hazijafungwa. Nikaandika. Nilitarajia furaha. Kulikuwa na uchovu tu, mzuri kidogo.

Kisha nikauliza kuhusu za Zombe.

Alivuta pumzi. Akasema atampigia mwenye duka.

Alhamisi, 25 Septemba

Pikapu imerudi na za Zombe. Hazikuwa zimetoka hata kwenye makaratasi. Zote ila pea moja. Mwenye duka aliiuza siku ileile ilipofika, kwa mzee mmoja anayekaa nyuma ya soko, na mzee amekataa kuirudisha. Ameambiwa atabadilishiwa bure. Amesema zake hazina shida.

Nimepima za kwanza zilizobadilishwa. Mstari unapita elfu tatu bila kuinuka. Niliutazama muda mrefu. Nikatia sahihi kwenye kibandiko kipya.

Nilimwomba Bosi ruhusa niende Zombe Jumapili. Akasema pea moja haiwezi kutuua. Nikasema najua. Akanipa nauli na kapasita mbili kwenye bahasha.

"Halafu Jumatatu uje mapema. Hizi haziwezi kujipima."

Hivyo tu. Nimelirudia neno lake njia nzima ya kwenda nyumbani nikijaribu kujua kama nimeajiriwa.

Jumapili, 28 Septemba

Zombe. Upepo na vumbi. Nyumba ya mzee ni vyumba viwili vya matofali, mabati, sakafu ya simenti iliyosuguliwa. Viti vinne vya mbao na meza. Hakuna pazia. Nilijua kabla sijaingia.

Mke wake ndiye aliyenifungulia. Nikamwita mwaitu, yaani mama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanivuta ndani. Mzee alikuwa amekaa mbele ya spika, karibu mno, magoti yanakaribia kuzigusa. Moja kulia, moja kushoto, zimeegemea ukuta. Hajafunika.

Nikajitambulisha. Nikasema kuna kifaa kidogo ndani si chenyewe, ni skrubu chache na patasi, hakitachukua muda.

"Imezima?" akaniuliza.

Nikasema haijazima.

"Inakoroma?"

Haikoromi.

"Sasa mwiitu, binti yangu, unataka kufungua mgongo wa kitu mzima?"

Mke wake akacheka. Akaniambia redio ya zamani mzee alikuwa haisikii vizuri, alikuwa anamuuliza yeye kila neno, mpaka akachoka kuwa redio. Sasa hamuulizi. Anakaa hapo kutoka asubuhi. Juzi amemweleza yeye habari ya mvua kabla majirani hawajaijua.

Nilimweleza mzee tena, kwa maneno mengine. Nilimwambia sauti ina ukali mahali fulani, na kwamba baada ya muda itamchosha. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema ukali anaupenda. Akasema vitu vingi vimekuwa mbali tangu azeeke, na hii imekuja karibu.

Nilikuwa na kapasita mkononi ndani ya bahasha. Nilifikiri juu ya masikio ya wazee, kwamba huanza kupoteza huku juu, elfu tatu kwenda mbele. Kwamba kwake huenda nundu inajaza shimo. Huenda. Sikuja na kipimo cha masikio yake. Na hakuniomba nimpime.

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika. Nikamwandikia namba ya karakana kwenye kipande cha karatasi, mke wake akakikunja akakiingiza kifuani.

Wakanipa chai. Taarifa ya saa saba ikaanza, na ni mwanamke yuleyule. Ilinikwaruza tangu neno la kwanza. Hakuna shaka kabisa, hata ningefumba macho, hata nisingeuona mchoro maishani. Mzee aliinama mbele, viganja magotini, akawa anaitikia kwa kichwa polepole kwa kila habari. Mwaitu alinipa kiazi kikuu.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikala. Nikaaga, na bahasha ya kapasita nikarudi nayo.